Mtoto Ambaye Hukumwogesha

Mabukwe wangu mpendwa,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo nilivyokuita tangu siku niliyoingia nyumbani kwako Mulongwe, hapa Uvira. Kwetu bondeni, katika Kirundi cha mama yangu, mabukwe ni mama mkwe, na wewe Mfuliiru wa Luvungi ulilipenda neno hilo kuliko jina ulilobatizwa. Mimi ulinibandika la "bibi arusi". Arusi ikapita, nikawa na masizi usoni na kikwembe cha kujifunga kilichochanika pembeni, na bado ulikuwa unaniita bibi arusi mbele ya wageni. Walikuwa wanageuza shingo kumtafuta huyo bibi arusi, wananikuta mimi nimeinama kwenye sufuria ya ugali.

Umeondoka tangu kiangazi. Nimekaa na mambo ya kukuambia mpaka yamenielemea, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine wa kuambiwa, nimeamua kuyaandika. Usicheke mwandiko wangu. Ulikuwa unasema ninaandika kama mtu anayekimbizwa na mvua.

Nianze na maji, kwa sababu watu wa njia yetu walikujua kwa maji. Mtoto akizaliwa Mulongwe, kabla bibi zake hawajagombana nani atambeba, mtu alikuwa anatumwa kukuita. Ulikwenda na beseni lako la bati, lile lenye ukingo wa bluu, ukasema la kwao huliamini. Ulipima maji kwa kiwiko, ukamlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto, ukamnyoosha mkono na mguu, ukamwambia jina lake polepole sikioni, kisha ukamrudishia mama yake na kumgeukia mama mwenyewe kumkanda kwa maji ya moto. Wengine walipiga kelele kwa maji yale. Wewe uliwaambia, "Lia tu, mama. Hapa njo pa kulilia."

Mtoto uliyemwogesha mara ya kwanza alikuwa wako kwa namna fulani. Ulimwita "mutoto wa mayi yangu." Wakikua walipita mlangoni wakienda shule, wanakuita Koko wa mayi, bibi wa maji, na wewe unawajua wote, huyu alitoka na nywele nyingi, huyu alikukojolea kifuani. Nilikuwa nakwambia unajisifu. Ulijibu, "Minye siyisifu. Minye ninakumbuka tu."

Kwa hiyo tumbo langu lilipoanza kuonekana, uliniangalia kwa jicho la mtu aliyepewa kazi. Ulinikamata nyuma ya nyumba nikitafuna udongo ule wanaouza sokoni, umefungwa kwenye karatasi. "Weye, uko nakula udongo tena? Unataka tumuzale matofali?" Ulininyang'anya, ukautupa mtaroni, na jioni ukaniletea mboga ya lengalenga na ndagala, wale dagaa wa ziwani, ukakaa mpaka nimemaliza. Kila mwezi ulinisindikiza kupima mimba. Wanawake wengine walikwenda peke yao, au hawakwenda kabisa kwa sababu mama wakwe zao walisema wao walizaa bila kupimwa. Wewe ulizaa bila kupimwa mara tano, na bado ulikaa nami kwenye benchi ukiwauliza wauguzi maswali mpaka wakakuogopa.

Ulikuwepo siku ya ekografi, ile picha ya mtoto tumboni. Nataka kuikumbuka nawe kwa sababu Amani, mwanao na mume wangu, hakuwepo, alikuwa bandarini Kalundu, mashua ya mahindi imeingia. Daktari alikuwa kijana, mpole, na alinyamaza muda mrefu huku akizungusha kile chombo tumboni mwangu. Wewe ndiye uliyemwambia, "Sema, mutoto wangu. Kunyamaza kwako kunatutisha kuliko maneno." Akasema. Kitovu cha mtoto hakikufunga vizuri, sehemu ya matumbo yake imebaki nje, ndani ya mfuko mwembamba. Moyo unapiga vizuri. Mtoto kama huyo anaweza kupona, lakini lazima azaliwe mahali penye daktari wa kupasua watoto wachanga, na hapa Uvira hayupo. Tupande Bukavu mapema, kabla uchungu haujanikuta na kabla mvua haijaharibu barabara.

Nilimuuliza nimefanya nini. Nakumbuka nilifikiria ule udongo. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha shule, "Hukufanya kitu, mama. Inatokea tu. Hakuna anayejua inatoka wapi."

Laiti angejua neno hilo lingetufikisha wapi. Maana tulipofika nyumbani na habari zikamfikia Baba mkubwa, kaka wa marehemu mume wako, jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa lile lile ambalo daktari alisema halijulikani. Inatoka wapi? Upande gani? Unajua desturi ya ukoo wenu kuliko mimi. Mtoto akija na alama, kwanza mnaketi kutafuta amekuja nayo kutoka kwa nani, upande wa mume au wa mke, ili nyumba ile ijisafishe na kuomba. Mpaka upande upatikane, mama mwenye mimba hasafiri. Mwenye jambo lisilokwisha havuki mito. Na aliyeonekana kuwa ndiye chanzo, asikaribie uzazi wala asimguse mtoto mchanga, wa kwake au wa jirani.

Baba mkubwa si mtu mbaya. Mimi nilimchukia wakati ule, simchukii sasa. Alitaka mtoto apone, na alijua njia moja tu ya kuanzia. "Tutaombea wapi," alisema, "kama hatuyui mambo inatokea wapi?" Bila neno lake hakuna mtu wa ukoo ambaye angetoa chochote kwa safari, na mshahara wa Amani peke yake usingetufikisha hata Kamanyola, katikati ya njia.

Basi kikao kikaitwa. Wajomba zangu wakachelewa kutoka Kiliba, kikaahirishwa. Wakaja, Baba mkubwa akawa na malaria, kikaahirishwa tena. Mvua za kwanza zikanyesha, mto Mulongwe ukabadilika rangi, na mimi nikawa nalala nimeshika tumbo kwa mikono miwili, nikimwomba mtoto asitoke. Uliniambia nipunguze kutembea. Wewe mwenyewe ulizunguka nyumba mchana kutwa kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Kikao chenyewe nilikisikiliza kutoka jikoni. Mlango ulikuwa wazi nusu, nilikuwa nimekaa juu ya kigoda, miguu imenivimba. Wajomba zangu walisema kwetu hakuna kitu hicho. Wa kwenu walisema kwenu pia hakuna. Wakachimba makaburi. Shangazi yangu aliyezaa mapacha, mmoja akafa. Babu yenu aliyekuwa na vidole sita. Mtu mmoja akauliza kama mama yangu aliwahi kuapa uongo mahakamani. Sauti zikapanda. Mjomba wangu akasema kama hawanitaki wanirudishe kwetu, wenu mmoja akasema basi mchukueni leo. Nilisikia viti vikisogea na nikajua kikao kitavunjika, na kwamba kikivunjika nitazalia Uvira na mtoto atakufa mikononi mwangu. Nilijua hivyo kabisa.

Hapo ndipo ulipoongea. Wanawake huwa hawaongei pale kabla ya kuulizwa, lakini wewe ulisimama.

"Muache kelele. Hii mambo inatoka kwangu, minye."

Viti vikaacha kusogea.

"Kabla ya Amani nilizalaka mutoto wa vile vile, kule Luvungi, matumbo inje. Alikufa siku ile ile, tukamuzika, hatukusema. Ni mambo ya tumbo yangu. Huyu binti haina kosa. Mumuache aende Bukavu."

Baba mkubwa alikuuliza mara mbili kama una hakika. Ulimjibu kwamba mwanamke hawezi kusahau mtoto aliyemzika. Akakuuliza kama unajua maana yake, kwamba hutakuwepo uzazini na hutamgusa mtoto. Ulisema unajua. Sauti yako haikutikisika hata kidogo, Mabukwe. Mimi kule jikoni nililia kwa furaha, kisha nikakuhurumia kwa yule mtoto wako wa Luvungi, na sikufikiria zaidi ya hapo.

Siku ya tatu yake tukapanda lori la kwenda juu, mimi na mama yangu mzazi, kwa kuwa wewe hukuruhusiwa. Ulitusindikiza mpaka pale magari yanaposimama. Uliweka kipande cha godoro chini yangu, ukamwambia dereva kama atapiga shimo kwa nguvu atakujua wewe ni nani, kisha ukasimama mbali na gari kwa sababu Baba mkubwa alikuwa anaangalia. Barabara ilikuwa tope kutoka Luvungi. Tuliteremka mara nyingi watu wasukume, mimi nikaachwa juu peke yangu kama gunia la muhogo. Lakini tulifika. Nililazwa, wakanipima, wakakuta na mimi damu imepungua na presha imepanda, na daktari wa kule akaniambia kwamba kama ningekaa nyumbani wiki chache zaidi wangetuzika wawili. Sijakwambia hilo. Nilikuambia habari za mtoto tu. Nisamehe, niliona aibu kusema kwamba uliniokoa na mimi pia.

Walinipasua, wakamtoa, wakampeleka moja kwa moja kwa daktari wa kupasua watoto. Sikumwona mpaka kesho yake. Alikuwa mdogo, amefungwa bendeji tumboni, na sura ilikuwa yako, kabisa kabisa, na paji lile la uso la ubishi. Tukamwita Asifiwe.

Tuliporudi Mulongwe mtoto ameshanenepa kidogo, ulikuwa umesimama uani. Hukuja kumpokea. Ulimwangalia kwa mbali, mikono umeifunga nyuma, ukaniuliza, "Analala muzuri?" Nikasema analala. Ukaniuliza, "Bamemuosha?" Nikakujibu kwamba daktari amekataza maji mpaka kidonda kifunge, muuguzi wa kule alikuwa anampangusa kwa kitambaa tu. Ilikuwa kweli. Ukaitikia kwa kichwa, ukaenda kupika.

Kidonda kilifunga. Mimi nikaanza kumwogesha mwenyewe, na wewe ulikuwa unateka maji, unayapasha moto, unayaleta mlangoni na kuyaweka chini. Hukuingia. Sikukuambia uingie. Baba mkubwa alikuwa hai, desturi ilikuwa wazi, nami nilikuwa na woga wa mtu aliyenusurika, sitaki kuchokoza chochote. Natamani ungeniuliza mara moja tu zaidi. Natamani zaidi ningekuwa mimi niliyekuita. Mambo haya mawili yananiamsha kabla ya jogoo.

Na huko nje wakaacha kukuita. Mwanzoni niliona kama sadfa. Binti wa Mama Riziki, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, alijifungua, wakamwita mama mmoja kutoka Kasenga. Kisha mwingine, naye wakamtafutia mtu mwingine. Habari za kikao zilikuwa zimepita ukuta, na hakuna mama aliyetaka mtoto wake aguswe na mwanamke mwenye tumbo la namna ile. Nilikuonea uchungu, nikakuambia hawana adabu. Ukanyanyua mabega. "Nimepumuzika. Batoto ba sasa banalia sana, bananiumiza masikio." Tukacheka. Nilikuamini, Mabukwe. Ulikuwa mwongo hodari na mimi mjinga, tulifaana.

Lile beseni la ukingo wa bluu ukaanza kuanikia ndani yake mihogo.

Nilikuuliza kuhusu yule mtoto wako wa Luvungi. Ilikuwa mwezi wa kuwaombea marehemu, tunapeleka majina parokiani, nikasema tumweke na yeye, aliitwa nani? Ulikuwa unachambua maharage. Ulisema hakupata jina. Nikasema basi tutamwandika "mtoto wa Mama Amani". Ukatupa punje mbovu, ukasema, "Mungu anabayua bote, bibi arusi. Acha." Nilidhani ni majonzi, nikaacha.

Sasa nifike pale panaponiuma. Baba mkubwa alikutangulia, Mungu amrehemu. Wewe presha ikakuangusha kiangazi, asubuhi moja, katikati ya sentensi, unamgombeza Amani kuhusu paa. Watu walijaa. Dada yako Faida alikuja kutoka Luvungi akakaa nasi mpaka mwisho wa matanga, na alipoendelea kukaa tukafurahi, kwa sababu anacheka kama wewe. Mwezi wa marehemu ulipofika nikamwambia, Mama mdogo, safari hii tumwombee Dada yako pamoja na yule mtoto wake wa kwanza aliyezikwa kwenu.

"Mutoto gani?"

Nikamweleza. Yule mwenye matumbo nje, kabla ya Amani.

Aliweka kikombe chini. "Dada alizala batano, na minye nilikuwaka kwa kila uzazi, nilishika taa. Amani njo wa kwanza. Hakuna mutoto alizikwa. Nani aliwaambia ile mambo?"

Nikamwambia ni wewe mwenyewe. Nikamsimulia kikao, wajomba, viti, ulivyosimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki peke yake. "Ule muntu," alisema. "Alipenda mayi ya batoto kuliko chakula. Na alibapa."

Na aliwapa. Mabukwe, uliwapa. Ulijua sheria yenyewe, ulikulia ndani yake. Ulijua kwamba ukitoa neno lile hutashika mtoto mwingine maishani, hata wa mwanao. Baba mkubwa alikuuliza waziwazi na ukajibu ndiyo. Mimi niliyesikia kila neno kutoka jikoni sikusikia chochote.

Nilimwambia Amani jioni ile ile. Akatoka, akarudi macho mekundu, akasema tu, "Ningemukumbatia." Kisha nikaenda kwa Mama Riziki, nikamweleza yote mbele ya wanawake wengine waliokuwa wanasuka pale. Nilidhani watainamisha vichwa. Mama Riziki alinisikiliza kwa heshima, akaniuliza, "Basi ilitoka kwa nani?" Nikamjibu kama yule daktari kijana, kwamba haikutoka kwa mtu, inatokea tu. Wakatazamana. Akasema, "Sasa unatuambia ya nini, na mwenyewe haiko?" Wakaendelea kusuka. Tangu siku ile mmoja wao ananisalimia akiwa amemweka mtoto wake upande wa pili. Acha waamue kwamba ilitoka kwangu mimi. Ningependa wangeamua hivyo tangu mwanzo, wewe ukabaki na kazi yako.

Ninajiuliza kwa nini hukuniambia. Hata baada ya Baba mkubwa kufa, tukiwa wawili tu, tukichambua maharage yale. Pengine uliona nitashindwa kubeba. Pengine ulijua nitakimbilia kwa Mama Riziki na kuharibu. Ungekuwa na haki. Lakini ningekuita ndani, Mabukwe. Ningefunga mlango, ningekuwekea beseni, hata kama mtoto ameshajua kukimbia na hataki kuoga. Sina hasira nawe, au ninayo kidogo, kwa sababu ulininyima kukushukuru na sasa sina pa kuipeleka shukrani hii.

Asifiwe ameanza shule. Ana kovu refu tumboni, hana kitovu kama cha wenzake, na anajivunia jambo hilo kupita kiasi, anawaonyesha watoto wengine bila kuombwa. Anakula sana. Anagomba kama wewe.

Juzi alirudi na swali. Kumbe watoto wa njia yetu wamekuwa wakishindana, kila mmoja anataja aliyemwogesha mara ya kwanza. Wakubwa wote wanakutaja wewe. Wanasema, mimi ni wa Koko wa mayi, na wewe? Yeye akauacha mchezo. Akanifuata nilikokuwa nafua, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mama, minye nani aliniosha?"

Aliyempangusa ni muuguzi wa Bukavu ambaye jina lake sikulijua. Baada yake ni mimi. Nilifungua kinywa niseme hivyo.

"Koko wako," nikasema. "Koko wa mayi. Weye njo wa mwisho."

Alitoka mbio kwenda kuwaambia, na sikumwita arudi.

Lala salama, mama yangu.

Ni mimi,
bibi arusi wako, mama wa Asifiwe.